Tujaribu mtumbwi mmoja kabla ya kukopa wa mota sita



Tangu kikao cha Jumapili simu yangu haijatulia. Kikundi cha vijana wa tawi letu kinataka tukiunge mkono kiombe mkopo wa Halmashauri, kinunue mota sita za umeme na betri za lithiamu kwa mitumbwi wanayovulia Singidani. Wazee wanasema ni ndoto. Vijana wanasema wazee wanaogopa mambo mapya. Ninayoandika hapa ni maoni yangu kama Katibu. Azimio la tawi litatoka kwenye kikao.

Kwanza, wazee wangu, si ndoto. Upande wa Kenya, kule Mbita, kampuni ya Asobo inawakodishia wavuvi wa Ziwa Victoria injini za umeme pamoja na betri. Angalieni hapo: mvuvi hanunui betri, analipia matumizi. Waliotutangulia wamejua kwamba gharama nzito iko kwenye betri.

Pili, vijana wangu, tufanye hesabu. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 80 tu ili idumu, unabaki na kama 1,000. Mota ndogo ikivuta wati 600 kwa mwendo wote, ni saa 1 na dakika 40, basi. Lakini maji yana kanuni yake: ukipunguza mwendo kwa karibu theluthi moja, mota inavuta kama wati 200 na unatembea saa 5. Unafika mbali mara mbili kwa chaji ileile. Mwenye haraka atarudi kwa kasia.

Betri ya gari ya ukubwa huohuo ina uzito wa karibu kilo 30, na hupaswi kuitumia zaidi ya nusu. Ya lithiamu ni kama kilo 12. Kwenye mtumbwi tofauti hiyo ni ndoo ya samaki.

Sasa fedha. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke za dukani. Tuseme betri ya gari ni shilingi 300,000 na inavumilia safari 400: ni shilingi 750 kwa safari. Ya lithiamu tuseme ni 1,500,000 na inavumilia safari 2,000: ni 750 vilevile, na kazi inayofanya kila safari ni kubwa zaidi. Lithiamu imeshinda? Imeshinda kwa anayetoka kila siku. Anayetoka mara mbili kwa wiki ana safari 104 kwa mwaka, na safari 2,000 atazimaliza baada ya miaka 19. Betri itazeeka kabla hajazimaliza, na deni litakuwa limeshadaiwa siku nyingi.

Kwa hiyo swali langu kwa kikundi ni moja: mnatoka majini siku ngapi kwa mwaka? Jumapili niliuliza nikapata majibu manne tofauti.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kukagua vitabu vya kikundi kilichokopa kununua mashine ya kukamua alizeti. Mashine ilikuwa nzuri, ila mota yake ilitaka umeme wa fezi tatu, na kijijini kulikuwa na fezi moja. Ilikaa stoo, marejesho yakaendelea. Akina mama wale waliuza mbuzi kulipia kitu ambacho hakijawahi kuwaka.

Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya Halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hauna riba. Lakini hauna riba haimaanishi haurudishwi. Kikundi kisiporejesha, wa nyuma yake wanakosa.

Pendekezo langu ni hili. Kikundi kichange chenyewe, kipate mota moja, betri moja na paneli ya wati 300, ambayo kwa jua letu la Singida inatosha kujaza betri hiyo kwa siku. Wajaribu siku 90. Kila safari iandikwe daftarini: saa za kutoka na kurudi, upepo, chaji iliyobaki, kilo za samaki. Daftari lisomwe mbele ya wanachama. Tawi lisishike hata senti ya kikundi.

Na tahadhari. Nunueni betri iliyoandikwa LiFePO4 yenye kadi ya ulinzi ndani. Msiunganishe betri za kuokoteza za kompyuta na pikipiki, zinaweza kuwaka moto. Msichajie chumba cha kulala. Maji ya Singidani yana chumvi, hivyo viungio vya waya vifutwe na kupakwa grisi kila jioni. Mwoneni Ofisa Uvuvi kabla ya kufunga mota. Na maboya ya kuvaa si hiari.

Daftari likisema ndiyo, nitaandika barua ya kuwaunga mkono kwa mkono wangu mwenyewe. Likisema hapana, tutakuwa tumepoteza mchango wa betri moja, na hakuna atakayeuza mbuzi.

Tukutane kikaoni. Aliye na hesabu tofauti aje nayo.

Katibu wa Tawi
Ilongero