Usikunje pua kwa chungu cha jirani

Mpenzi msomaji, ukitaka kujua wakazi wa mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha, wametoka pembe zipi za nchi, usiwaulize vitambulisho. Pita tu mwendo wa saa moja jioni, wakati wafanyakazi wa mashamba ya maua wamekwisha kurudi na majiko ya makaa yametolewa nje. Mlango wa kwanza omena wanakaangwa kwa kitunguu na nyanya. Wa pili githeri inatokota. Wa tatu ni mrenda na ugali. Wa nne saga imetiwa maziwa, na yule aliyekwenda kwao Bomet mwisho wa mwezi amerudi na kibuyu cha mursik. Yote hayo katika ploti moja ya milango kumi, yenye bomba moja la maji.

Mapema mwaka 2025, katika ploti mojawapo ambayo mimi huitembelea mara kwa mara, palitokea kisa kidogo. Mtoto wa miaka sita, aliyelelewa kwa githeri na mukimo, alichungulia sahani ya mwenzake wa mlango wa kwanza. Akawaona omena na macho yao. Akapiga kelele: "Mama, wanakula wadudu!"

Watoto wengine wakacheka. Yule mwenzake akasukuma sahani kando, na tangu siku hiyo akakataa katakata kufungiwa omena kwenda nao shuleni. Mama yake hakugombana na mtu. Alianza tu kufunga mlango kila alipopika. Akina mama wawili waliokuwa wakiazimana chumvi wakawa wanasalimiana kwa kutikisa kichwa.

Labda utasema hayo ni mambo ya watoto. La hasha! Naivasha ni mji ambao Januari 2008 watu waliuawa na wengine kufukuzwa makwao kwa sababu ya kabila. Dharau haianzi na panga. Huanza mahali padogo, na mara nyingi huanzia kwenye sahani. Ndiyo sababu leo nataka tuulizane: ni nini hasa kinachotuchagulia vyakula tunavyovipenda? Je, ni damu, ni ulimi, au ni kitu kingine?

Tuanze na ulimi. Wengi wetu darasani tulichora ulimi uliogawanywa kama ramani: utamu kwenye ncha, uchungu nyuma, chumvi na uchachu pembeni. Mwanafunzi, kama mchoro huo bado umo katika daftari lako, uweke alama ya kosa. Ulitokana na utafiti wa Mjerumani mmoja, Hänig, wa mwaka 1901, ambao ulikuja kuelezwa vibaya katika kitabu cha Mmarekani Edwin Boring mwaka 1942. Ukweli ni kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya kuonjea inaweza kutambua ladha zote.

Tena ladha hizo si nne bali ni tano. Mwaka 1908, Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo alichunguza supu ya mwani aliyoipenda, akapata ndani yake kitu kiitwacho glutameti. Ladha yake akaiita umami. Ni ule utamu wa mchuzi uliokolea, usiokuwa wa sukari. Baadaye Wajapani wakagundua jambo jingine: glutameti ikikutana na inosineti, ambayo hupatikana kwa wingi katika samaki wakavu, utamu huo huongezeka mara nyingi kuliko ukivionja kimoja kimoja. Sasa, nyanya mbivu zina glutameti. Hebu basi rudi mlango wa kwanza utazame sufuria ile: samaki wakavu ndani ya nyanya! Mama yule hakusomea kemia, lakini anapika kama aliyeisomea.

Hata hivyo, ulimi ni mfanyakazi mmoja tu. Bosi wake ni pua. Fanya jaribio hili na watoto wako leo. Bana pua, fumba macho, kisha utiliwe mdomoni peremende usiyoijua ni ya tunda gani. Utasikia utamu na uchachu kidogo, basi. Achilia pua. Mara chungwa, nanasi au ndimu itajitokeza. Sababu ni kwamba unapotafuna, harufu hupanda kutoka nyuma ya koo hadi puani, nao ubongo hukudanganya kuwa yote yametoka mdomoni. Ulimi una ladha tano, lakini pua ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kufumbua siri hiyo. Na waliougua COVID-19 kuanzia mwaka 2020 wakapoteza uwezo wa kunusa hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwao wali na karatasi vilikuwa kitu kimoja.

Tena, habari za harufu hufika upesi sana kwenye sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana harufu ya chakula cha nyanya yako yaweza kukutoa machozi katikati ya soko. Na ndiyo maana pia anayekidharau chakula cha mtu humwuma kuliko anavyodhani, kwa kuwa amemgusa mamaye.

Je, mtoto huzaliwa akijua nini? Machache mno. Hupenda utamu, kwa sababu maziwa ya mama ni matamu. Huchukia uchungu, kwa sababu sumu nyingi ni chungu, na aliyewahi kuonja muhogo mchungu anajua. Zaidi ya hapo zipo tofauti ndogo za kurithi. Mwaka 1931 unga fulani ulirushwa na hewa katika maabara ya Mmarekani Arthur Fox. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu kupindukia, lakini Fox mwenyewe hakuonja kitu. Mwaka 2003 wanasayansi wakaitambua jeni inayohusika. Jeni hiyohiyo huwafanya watu wengine wausikie zaidi uchungu wa mboga za jamii ya kabichi, ikiwemo sukuma wiki yetu. Kwa hiyo mtoto anayelia mbele ya sukuma wiki huenda si mkaidi. Huenda mdomoni mwake mboga ile ni chungu kuliko ilivyo mdomoni mwako.

Lakini tofauti hizo zimo ndani ya kila kabila. Mengine yote tunafunzwa, na masomo huanza tumboni. Mwaka 2001, Julie Mennella na wenzake huko Philadelphia, Marekani, walichapisha utafiti ambao baadhi ya akina mama walikunywa maji ya karoti kwa majuma matatu, wengine wakiwa wajawazito na wengine wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, walikunja uso mara chache kwa uji wenye ladha ya karoti kuliko watoto wa akina mama waliokunywa maji matupu. Mama hula, na mtoto huonja pamoja naye. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa hiyo hakuna damu ya omena wala damu ya githeri. Kuna ulimi na pua vilivyozoezwa, na vingine ambavyo bado.

Nami nikiri kosa langu. Mara ya kwanza nilipokaribishwa mursik, niliona rangi ya kijivujivu ya mkaa wa senetwet ambao kibuyu kilisuguliwa nao, nikanusa moshi na uchachu, nikasema nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu asubuhi! Mama mwenye nyumba alikipokea kikombe bila neno, na kimya chake kilinitesa njia nzima. Safari ya pili nilinywa funda mbili kwa adabu. Ya tatu nusu kikombe. Leo nikienda huko mimi ndiye ninayeuliza kibuyu kiko wapi. Mursik haikubadilika. Ubongo wangu ulikuwa umejifunza kwamba moshi ule hauniletei ugonjwa, bali shibe na mazungumzo mazuri.

Somo hilo huenda kinyume pia. Nikiwa mdogo nilipondewa dawa chungu ya malaria ndani ya ndizi mbivu, kisha nikatapika usiku kucha. Hadi leo ndizi mbivu hainipiti kooni. Mwili ukiugua baada ya mlo, hutia alama ya hatari kwenye chakula kile, hata kama hakina hatia.

Basi mzazi mwenzangu ufanyeje? Kwanza, usikate tamaa mapema. Wataalamu wanasema mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, ilhali wengi wetu huacha baada ya mara tatu. Kidogo kidogo, bila kofi wala kelele. Pili, kula wewe mwenyewe akikutazama. Tatu, usimwambie "maliza mboga nikupe soda", kwa maana umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ni zawadi. Nne, kumbuka kwamba chumvi kidogo hufifisha uchungu, na maziwa yale yanayotiwa katika saga huupunguza makali. Tano, usifiche dawa ndani ya chakula anachokipenda. Lakini akila kitu akavimba midomo au akashindwa kupumua vizuri, huo si udekaji bali ni mzio. Mpeleke hospitali mara moja.

Na la sita, ambalo ndilo kubwa: ukimsikia mwanao akikiita chakula cha jirani wadudu, majani ya ng'ombe au maziwa yaliyooza, usicheke. Kicheko chako ndicho kitakachomfunza.

Mwishoni mwa mwaka 2025 maji ya Ziwa Naivasha yaliingia Kihoto, kama yalivyofanya mwaka 2020, na familia nyingi zikahama. Akina mama wale wawili, kwa kukosa kodi ya kutosha, wakapanga chumba kimoja upande wa juu wa mji. Jiko likawa moja, na sufuria ikawa moja. Usiku wa kwanza wa omena, yule mtoto wa githeri aligeukia ukutani. Mara ya pili vilevile. Hakuna aliyemlazimisha. Mama mwenye omena alimwekea wawili tu kando ya ugali, kila mara, bila kusema kitu. Kuna siku alimkata mmoja kichwa akamla. Juma lililofuata akala wote wawili, na vichwa vyao.

Nilipowatembelea juzi, niliwakuta watoto wale wakigombania ukoko wa mchuzi wa omena kwa vidole. Yule wa kwanza sasa hubeba omena shuleni, na mwenzake humsaidia kuwamaliza.

Kwa Kikuyu, neno kihoto lina maana ya haki. Basi jirani naye ana haki ya kupika mlango ukiwa wazi.

Hadi Jumapili ijayo, mpenzi msomaji, nakutakia mlo mwema. Na ukikaribishwa, onja.