Nani Achinje? Swali Tuliloliuliza Vibaya

Pale Usagara barabara inayotoka Shinyanga inagawanyika. Mkono mmoja unaingia Mwanza mjini, mwingine unateremka Kigongo, unavuka ziwa kwa daraja lililozinduliwa Juni 2025, kisha unapita Sengerema na Geita hadi Katoro na Buseresere. Ni njia ya ng'ombe wa mnadani, dagaa na mabasi. Februari 11, 2013, huko Buseresere, ubishi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa buchani uligeuka mapigano, na mchungaji wa kanisa la Kipentekoste akauawa. Watu waliokuwa wakinunua nyama kwenye bucha moja miaka yote walifikia kushikiana mapanga.

Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alikutana na viongozi wa dini, na msimamo wa serikali ukawa kwamba utaratibu uliozoeleka uendelee, yaani nyama ya kuuziwa watu wote ichinjwe na Waislamu. Vurugu zilipoa. Hoja yenyewe haikujibiwa, kwa sababu iliulizwa vibaya tangu mwanzo. Tuligombania kisu ni cha nani, wakati jambo la kujua lilikuwa hili: dini ya kila mmoja wetu inamfunga kwa lipi anapokaa kula?

Kwa Mwislamu jibu liko wazi. Sura ya Al-Maida, aya ya 3, inaharamisha kibudu, damu, nguruwe na mnyama aliyechinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu. Nyama ikishaning'inizwa buchani haimwambii mnunuzi lolote kuhusu ilivyochinjwa, kwa hiyo lazima amwamini mchinjaji. Lakini aya ya 5 ya sura hiyo hiyo inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi masharti yake ni yapi. Hata msikitini, basi, jambo hili lina kauli zaidi ya moja.

Mkristo naye akifungua Matendo ya Mitume, sura ya 15, atakuta mitume wamekaa kikao Yerusalemu na kuwaagiza waumini wasio Wayahudi wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, na damu, na mnyama aliyenyongwa. Weka agizo hilo kando ya Al-Maida uone yanavyokaribiana. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, anaruhusu kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza, lakini anaongeza kwamba ukiambiwa kimetolewa sadaka kwa miungu, acha. Mlokole anayekataa nyama iliyosomewa dua ya Kiislamu na Mkatoliki anayeila bila wasiwasi wote wanaegemea waraka huo mmoja. Na zipo familia za Kisukuma ambazo mjadala wa 2013 haukuzigusa, zinazochinja mbuzi kwa ajili ya mizimu na Jumapili zikaenda kanisani. Hapo shehe na mchungaji wangekuwa upande mmoja.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Mwislamu ana sharti la ibada, mnyama achinjwe namna fulani. Wakristo walio wengi hawana sharti kwamba mchinjaji awe Mkristo. Madai yao yalikuwa ya uraia: kwa nini nyama ya harusi yangu, kwa ng'ombe wangu, ingoje mkono wa mtu wa dini nyingine? Hayo ni madai halali, na hayajibiwi kwa kumsomea mtu aya. Vilevile sharti la Mwislamu haliondoki kwa kumwambia kwamba nchi haina dini. Kila upande ulikuwa unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Ziwa hili linaijua gharama ya ugomvi wa namna hii tangu zamani. Mwaka 1876, ng'ambo ya kaskazini, Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliamuru vijana Waislamu wa ikulu yake wauawe Namugongo. Mojawapo ya makosa yao ni kwamba walikataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa mfalme. Miaka kumi baadaye, mahali hapo hapo, mwanawe Mwanga akawachoma Wakristo. Kisha Mwanga mwenyewe akapinduliwa mwaka 1888, akakimbilia kusini mwa ziwa. Kwanza alikaa kwa wafanyabiashara Waarabu Magu, halafu akahamia Bukumbi kwa mapadri wa Kikatoliki, si mbali na Usagara ya leo. Mapadri wale walijua fika ni nani aliyewaua waumini wao, na wakampokea.

Tena mipaka ya dini haipiti pale tunapodhani. Chukua kambare, asiye na magamba. Msabato hamli, kwa sababu Walawi sura ya 11 inataka samaki mwenye mapezi na magamba. Mwislamu wa Shia Ithnaasheri naye hamli, maana fikihi ya Jaafari inadai magamba. Mwislamu wa Kisuni wa madhehebu ya Shafi na Mkatoliki wanamla na ugali bila swali. Mezani, Msabato yuko karibu na Mshia kuliko alivyo karibu na Mkatoliki.

Kulinganisha dini si jambo geni kwetu. Tangu miaka ya 1980 tumekuwa na mihadhara ya mlingano wa dini viwanjani, Biblia na Kurani mkononi, na mikutano ya injili iliyoijibu. Wengi walijifunza kukariri kitabu cha mwenzao, ila walikuwa wakitafuta aya ya kumwangusha. Ujuzi wa namna hiyo hausaidii kitu siku ya mgogoro wa bucha.

Maoni yangu ni haya. Palipo na wanunuzi mchanganyiko, desturi ibaki, kwa kuwa Waislamu wengi hawawezi kula vinginevyo na Wakristo wengi wanaweza. Ila ibaki kwa hiari. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na sioni serikali inapata wapi nguvu ya kuamuru dini ya mchinjaji. Anayetaka kuchinja kwa ajili ya harusi yake, msiba wake au bucha yake achinje, bwana mifugo apime nyama, na mlangoni pawe na maandishi yanayosema nani kachinja.

Wapo wanaohofia kwamba bucha mbili zitagawa mji, na hofu hiyo ina msingi: Aprili 1993 bucha za nguruwe zilivunjwa Dar es Salaam. Hata hivyo leo kitimoto inauzwa miji mingi ya nchi hii, kila mtu anajua iko wapi, na asiyeitaka anapita. Kinachochoma watu ni kufichwa na kulazimishwa.

Kazi nyingine ni ya shule. Kipindi cha dini kikifika, watoto wanatengana, kila kundi na mwalimu wake. Ningependa angalau kipindi kimoja kwa muhula wakae pamoja, kila mmoja aeleze nyumbani kwao wanakula nini, hawali nini na kwa nini, na mwalimu asiruhusu mtu kuuliza nani yuko sahihi.