Likizo ya Mbio, Msimu wa Maneno

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi simulizi hufunga safari ndefu kwenda kuitafuta. Hupanda basi hadi Lamu tukiwa na vinasasauti mikobani, tukawaketisha wazee mbele yetu na kuwaomba watusimulie. Sina ugomvi na safari hizo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tukirejea hushuka garini, tukapanda bodaboda hadi nyumbani, na tukaachana na msimulizi hodari bila kumtambua, kwa kuwa yeye anasimulia habari za pikipiki.

Naishi Kiganjo ya Thika, si Kiganjo ile ya Nyeri inayojulikana kwa chuo cha polisi. Karibu na nyumba niliyopanga pana steji ya bodaboda, na wahudumu wake ni mashabiki wa kufa wa MotoGP, yaani mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia. Usicheke, msomaji mpenzi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1949 na hayajawahi kufanyika Afrika Mashariki. Mara ya mwisho kuandaliwa katika bara hili ilikuwa mwaka 2004 mjini Welkom, Afrika Kusini, ambako Mwitaliano Valentino Rossi alishinda mbio zake za kwanza akiendesha Yamaha. Hata hivyo, pale Kiganjo habari za Rossi husimuliwa kana kwamba alizaliwa Makongeni. Mtu ashindaye juu ya pikipiki kutwa kucha hahitaji kufundishwa kumpenda mwenzake anayeiendesha vyema zaidi.

Kila mwaka mashindano hayo huwa na mapumziko katikati ya msimu. Mwaka 2025, baada ya mbio za Brno katika Jamhuri ya Cheki tarehe 20 Julai, waendeshaji walipumzika hadi walipokutana tena Austria katikati ya Agosti. Nilidhani steji ingenyamaza. Kumbe ndipo ilipochangamka! Wiki za mbio mazungumzo huwa mafupi: nani kashinda, nani kaanguka. Likizo inapofika hapana jipya la kutazama kwenye simu, na waliyokwisha kuyaona huanza kusimuliwa. Mmoja huanza, wa pili humsahihisha, wa tatu huigiza kona kwa kiwiliwili chake akiwa juu ya pikipiki iliyozimwa. Tukiwa darasani tungesema pana fanani, pana hadhira, pana utendaji. Sijui ni nini tena tunachokitafuta.

Mwaka huo kisa kikuu kilikuwa cha Mhispania Marc Márquez, aliyekuwa akiongoza msimu huku mdogo wake, Álex, akimfuata. Lakini mjadala uliowagawa wahudumu haukuwa wa msimu huo. Ulihusu jambo lililotokea miaka mitano nyuma. Mnamo tarehe 19 Julai 2020, mjini Jerez, Márquez alianguka na kuvunjika mfupa wa mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Alifanyiwa upasuaji, na kabla ya wiki kwisha akarudi kujaribu kuendesha. Hakufaulu. Bamba alilotiwa mkononi likavunjika, akapasuliwa tena Agosti, tena Desemba, na mara ya nne mwaka 2022. Swali la steji lilikuwa hili: je, kurudi kwake upesi vile kulikuwa ushujaa au upumbavu?

Vijana walisema ni ushujaa. Mmoja wao akatoa methali: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee mmoja, wa makamo kwa hakika lakini wote humwita mzee, akamjibu bila kuinua sauti: “Koleo hununuliwa dukani, kijana. Mkono hauuzwi popote.” Watu wakacheka. Niliyeketi naye hakucheka.

Ilinichukua siku tatu kuelewa. Palikuwa na kijana pale steji aliyekuwa amevunjika mguu mwezi Juni. Alirudi kazini kabla mfupa haujaunga, kwa sababu pikipiki yake ni ya mkopo, na mkopo huo hulipwa kila siku, mwenye mguu na asiye na mguu. Alichechemea kutoka benchini hadi kwenye pikipiki, na juu ya pikipiki alikuwa kama wenzake. Hakuna aliyemwambia moja kwa moja kwamba anajiharibu. Kumwambia hivyo kungekuwa kumvunjia heshima na kumuuliza atakula nini. Kwa hiyo walimsema Márquez. Kwa majuma manne walimlaumu, wakamtetea, wakamhesabia pasuaji zake moja baada ya nyingine, na kijana yule akawasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mara moja tu alisema: “Huyo alikuwa na daktari wake. Mimi nina nani?”

Tuna majina mengi ya jambo hilo katika vitabu vyetu: fumbo, istiara, taashira. Tunawafundisha wanafunzi kwamba Waswahili wa kale walisemezana kwa mafumbo ili ukweli ufike bila kumjeruhi mtu. Mbona basi fumbo likitegwa leo, mbele ya macho yetu, tunaliita porojo za vijana wa bodaboda?

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba lugha ya steji si Kiswahili sanifu, bali ni mchanganyiko wa Kiswahili, Kikuyu na Sheng. Ni kweli. Lakini nami nilijaribu kuisanifisha nikaaibika. Siku moja kijana mmoja alikuwa akieleza jinsi waendeshaji hao wanavyoilaza pikipiki kwenye kona hadi goti likagusa lami. Nikajitia ualimu, nikamwambia neno mwafaka ni kuinamisha. Akanitazama kwa huruma. “Mwalimu, kinachoinamishwa ni kichwa, kanisani. Pikipiki hulazwa, halafu huamshwa.” Nilinyamaza, nikayaandika yote mawili daftarini. Kandanda nayo haikupata Kiswahili chake kwenye kamati. Ilikipata midomoni mwa mashabiki na katika sauti za watangazaji wa redio kama marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kamusi zilifuata nyuma.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na wanamichezo wa ng’ambo ilhali tuna Safari Rally yetu. Nami nawauliza, je, dereva wa gari amekaa ndani ya vyuma vya kumkinga. Mhudumu wa bodaboda atajifananishaje naye? Mwendeshaji wa MotoGP huanguka kama anavyoanguka yeye, mwili na lami. Tofauti ni kwamba tangu mwaka 2018 mwenzake wa huko analazimika kuvaa vazi lenye mfuko wa hewa unaofura anapoanguka. Huku kwetu sheria inamtaka mhudumu na abiria wake wavae helmeti na koti la kuakisi mwanga, na nyingi za helmeti ninazoziona huning’inia kwenye usukani. Mashabiki wa Kiganjo waliliona hilo kabla yangu, nao walilisema wenyewe wakati wa likizo ile.

Mwisho wa kisa ni huu. Kabla ya mbio za Austria, chama cha steji kilikubaliana kwamba kila mwanachama achange shilingi 50 kwa siku ili kijana yule akae nyumbani mwezi mzima. Hakuna aliyelitaja jina la Márquez katika kikao hicho, halikuhitajika tena. Septemba 2025, nchini Japani, Márquez alitwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 2019. Vijana walishangilia na kudai kwamba wao ndio waliosema kweli. Mzee naye alidai vivyo hivyo, akiwahesabia miaka sita kwa vidole.

Wanachama wenzangu, chama chetu kina vinasasauti na kina vijana wenye masikio. Napendekeza kila mmoja wetu achague steji iliyo karibu na anakoishi, aketi pale kwa idhini ya wenyewe, asikilize kwanza na aandike baadaye. Asiende kusahihisha. Lamu tutaendelea kwenda, inshallah. Lakini mfupa wa mtu uliokolewa Kiganjo kwa maneno matupu, nasi tuliosomea maneno hatukuwa na habari.