Kabla ya Kumwendea Sonara

Vijana wengi wanaojiandaa kwa ndoa siku hizi hawaridhiki tena na pete ya uchumba iliyokwisha kutengenezwa na kuwekwa katika kabati la kioo. Wanataka pete ya kuagiza. Wanataka kukaa na sonara, wachague umbo, wachague jiwe, wapatane bei, na baada ya majuma kadhaa waichukue pete isiyofanana na ya mtu mwingine. Wapo wazee wanaoliona jambo hili kuwa ni anasa tupu na kuiga mambo ya watu. Mimi sikubaliani nao. Anayenunua pete iliyo tayari hukuta mambo yote yamekwisha kuamuliwa. Anayeagiza hukaa mbele ya fundi kabla dhahabu haijayeyushwa, na kwa muda mfupi anayo nafasi ambayo mnunuzi wa kawaida hana: nafasi ya kuuliza dhahabu hii imetoka wapi na jiwe hili limepita mikononi mwa nani, na pia nafasi ya kukataa. Kwa bahati mbaya wengi huingia dukani wakiwa na maandalizi ya namna moja tu, nayo ni picha ya pete waliyoiona katika simu.

Ijulikane tangu mwanzo kwamba pete ya uchumba si sharti la ndoa. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1062, inawaachia maaskofu wa kila nchi kupanga taratibu za uchumba kwa kuzingatia mila na sheria za mahali. Kwetu ahadi hiyo ilikwisha kuwa na alama zake, yaani posa na kishika uchumba. Pete yenye almasi ilitujia kutoka mbali, tena haikuja yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930, biashara ya almasi ilipokuwa imedorora, kampuni ya De Beers iliiajiri kampuni ya matangazo ya Marekani iitwayo N. W. Ayer, na mwaka 1947 likatungwa tangazo lililofananisha jiwe hilo na upendo usiokwisha. Katika miaka ya 1980 matangazo ya De Beers yalifika hatua ya kumwambia kijana wa Marekani kwamba mshahara wa miezi miwili ndicho kipimo kinachofaa cha bei ya pete. Kipimo hicho hakikutoka kwa wazazi wala kwa wasimamizi wa ndoa. Kilitoka kwa muuzaji.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandaa ni kiasi cha fedha, na kiasi hicho kijulikane kwa wote wawili. Najua ipo furaha katika kumshtukiza binti kwa pete asiyoitazamia. Hata hivyo, kijana akikopa katika chama cha akiba na mikopo ili anunue pete hiyo, deni litaingia nyumbani pamoja na bibi harusi, wakati kamati ya harusi nayo ingali inagawa kadi za michango. Mtu atakayelilipa deni hilo kwa kupunguza chakula cha watoto wake anastahili kuulizwa kabla. Waende pamoja kwa sonara. Hata kwa sababu ndogo hii yafaa: kidole cha kupimwa ni cha binti, na vidole huvimba wakati wa joto na jioni, hivyo ni vema kipimwe zaidi ya mara moja kabla ya kukata shauri.

Sasa tufike kwenye jiwe. Wengi wetu tukiambiwa tuchague, tutaitaja tanzanaiti, na ni halali yetu kujivunia. Iligunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, wilayani Simanjiro, wala haichimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani, ingawa jina lake lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Mwenye kuagiza ajue mambo mawili juu ya jiwe hili. Moja sonara mwaminifu atamwambia mwenyewe, na jingine hatalisikia asipouliza.

La kwanza ni ugumu wake. Katika kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 na kuishia 10, almasi ni 10, yakuti ni 9, na tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Vumbi la barabarani huwa na chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Maana yake ni kwamba mama anayefua, kulima na kusugua masufuria akiwa ameivaa pete hiyo kila siku atakuta uso wa jiwe umekwaruzika na mng'ao umefifia. Kama moyo umekwisha kulipenda jiwe hilo, basi lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote badala ya kushikwa na kucha nne nyembamba. Kwa maoni yangu jiwe hilo hukaa vizuri zaidi sikioni kuliko kidoleni.

La pili ni habari ya watu. Wachimbaji wa Mererani, waitwao wanaapolo, kwa miaka mingi wengi wao hawakuwa na mshahara. Mwenye mgodi aliwalisha, nao wakangoja mgawo siku jiwe litakapopatikana, na lisipopatikana walikuwa wamefanya kazi kwa ugali tu. Watoto waliotumwa kupenya katika mashimo membamba waliitwa "nyoka". Aprili 1998 mafuriko yaliingia migodini na makumi ya watu wakafa chini ya ardhi, na Machi 2008 msiba kama huo ukarudi tena. Mwaka 2018 Serikali ilikamilisha ukuta wa kilometa 24 kuyazunguka machimbo hayo. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, nasi sote tulifurahi pamoja naye. Lakini ukuta kazi yake ni kuzuia jiwe lisitoroshwe. Hauwezi kuhakikisha kwamba kijana aliyelitoa shimoni amepewa mgawo wake.

Almasi nayo ina historia yake, na sehemu yake moja ni ya kwetu. Katika mwaka uleule wa 1947 machimbo ya Mwadui, Shinyanga, yalitoa almasi ya rangi ya waridi ambayo Williamson, mwenye machimbo, alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake. Picha za kito hicho zimezunguka dunia nzima. Habari iliyozunguka kidogo ni ile ya mwaka 2021, wakati kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi huo, ilipokubali kulipa paundi milioni 4.3 ili kumaliza madai ya wananchi waliosema kwamba walinzi wa mgodi waliwapiga, waliwafyatulia risasi na kuwaua ndugu zao. Kampuni haikukubali dhima kisheria, ila ilikiri kwamba yalitokea matukio yaliyoleta vifo na majeraha.

Muuza almasi aliyeulizwa swali la namna hii kwa kawaida hujibu kwa kutaja hati ya Kimberley. Utaratibu huo ulianza mwaka 2003, baada ya vita vya Sierra Leone na Angola kuionyesha dunia jinsi waasi walivyonunua silaha kwa almasi, na manufaa yake si ya kubezwa. Lakini hati hiyo hutolewa kwa shehena ya almasi ghafi zinazovuka mpaka, wala si kwa jiwe moja lililokwisha kukatwa. Tena inachokataza ni almasi za kugharimia waasi tu. Mwaka 2008 wanajeshi wa serikali walipowaua wachimbaji katika machimbo ya Marange, Zimbabwe, almasi za huko hazikuingia katika maana ya "almasi za vita" iliyoandikwa katika utaratibu huo. Hati haisemi lolote juu ya ujira wala juu ya umri wa mchimbaji. Akitajiwa hati, mteja apokee jibu hilo kwa heshima na aendelee kuuliza.

Juu ya dhahabu kuna jambo ambalo wachumba wengi hawajapata kulisikia. Wachimbaji wadogo wa Geita, Chunya na kwingineko husaga mawe kwenye makarasha, huosha unga wake, kisha huuchanganya na zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki hupaa kama mvuke, na dhahabu hubaki. Mara nyingi kazi hiyo hufanyika uani, karibu na jiko la chakula, mama akiwa na mtoto mgongoni. Mvuke huo hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni hudhurika kuliko wote. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania, wakiwamo wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka huohuo mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017. Nayo dhahabu ya Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako makundi yenye silaha yaliyapigania machimbo ya Mongbwalu mwaka 2002 na 2003, ilipitia Uganda na kufika Ulaya. Dhahabu ikishayeyushwa haina uraia.

Je, tususe? Wako wanaoshauri hivyo, na wengine hupendekeza almasi za maabara, ambazo hazichimbwi na bei yake ni ndogo. Simlaumu atakayezichagua. Lakini mchimbaji mdogo wa Geita hatalishwa na kususa kwetu. Shimo ndilo shamba lake. Anachohitaji ni mnunuzi anayejali njia iliyopitiwa. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina masoko ya madini ambamo dhahabu hupimwa na kuandikwa. Sonara aliyenunua huko anaweza kuonyesha karatasi, na aliyenunua mlangoni usiku hawezi. Karatasi hiyo haitaeleza habari za zebaki, lakini itaeleza ni nani aliyeuza, na hapo ndipo maswali mengine yanapoweza kuanzia. Sonara asiyejua jibu si mtu mbaya. Wengi hawajui kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuwauliza. Wachumba kumi wakimwuliza katika mwaka mmoja, yeye naye atamwuliza anayemwuzia.

Iko njia nyingine ninayoipenda zaidi, nayo ni dhahabu ya zamani: hereni za bibi, kidani kilichokatika, pete isiyovalika. Dhahabu hiyo haidai shimo jipya wala zebaki mpya. Kabla ya kuipeleka, iulizwe familia, maana mali ya marehemu bibi ina wajukuu wengi, na uchumba usianze kwa ugomvi wa mirathi. Dukani ipimwe uzito mbele ya macho yenu, ijaribiwe usafi wake, na yote mawili yaandikwe. Inafaa mkubaliane pia kama mtaruhusiwa kuwapo wakati wa kuyeyusha, kwa kuwa ikishachanganywa na ya watu wengine hakuna atakayeitambua.

Ili mazungumzo yawe ya haki, wachumba wajifunze lugha ya sonara. Karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi: karati 24 ni dhahabu tupu, karati 18 ni asilimia 75 na hugongwa muhuri wa 750, karati 9 ni asilimia 37.5 na muhuri wake ni 375. Karati ya jiwe ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni uzito, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Wapo waliolipia moja wakidhani wamepewa nyingine. Dhahabu tupu ni laini mno kwa pete yenye jiwe, kwa hiyo anayeshauri karati 18 hakuibii. Bei ya dhahabu ihesabiwe kwa gramu, na gramu hizo zipimwe kabla jiwe halijatiwa. Ujira wa ufundi utajwe peke yake.

Na hapo kwenye ujira niseme neno kwa upande wa pili. Nimewasikia wachumba wakijisifu kwamba walimbana fundi hadi akafanya kazi kwa nusu ya bei. Bei ya dhahabu hawakuweza kuishusha, maana hupangwa na soko la dunia, wala bei ya jiwe hawakuijua. Walichoweza kukipunguza ni riziki ya mtu aliyeinamia moto na tupa kwa siku tatu. Papa Leo XIII alifundisha katika waraka wa Rerum Novarum, mwaka 1891, kwamba ujira haufanyiki kuwa wa haki kwa sababu tu mfanyakazi aliukubali kwa shida zake. Kama fedha hazitoshi, lipunguzwe jiwe, au liondolewe kabisa. Pete nyembamba isiyo na jiwe ni pete.

Mkishaafikiana, msiache arabuni bila maandishi. Karatasi itaje uzito wa dhahabu na karati zake, aina ya jiwe na uzito wake, ujira wa fundi, fedha zilizotangulizwa na zilizobaki, siku ya kukabidhi, na nani atagharimia kuipanua au kuibana pete isipokaa vizuri. Chini yake liandikwe, kwa mkono wa sonara mwenyewe, jibu la swali lenu juu ya mahali dhahabu na jiwe vilikotoka, hata kama jibu hilo ni kwamba hajui. Nakala moja abaki nayo yeye, nyingine mwende nayo nyumbani.