Miji ya Mwambao na Soko Moja: Tunatangaza Nini, na kwa Mizani Gani?





Siku za karibuni, baada ya darsa ya magharibi, mzazi mmoja alitufuata msikitini na suala. Kijana wake amemaliza chuo na amekaa nyumbani karibu miaka miwili bila ya kazi. Sasa ameitwa kupiga picha na kutengeneza video fupi za kuutangaza mwambao kwa wageni: Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu, zote ndani ya safari moja. Mzee akauliza kwa ufupi: pato hili ni la halali?

Tulimuomba atupe muda. Jawabu lenyewe si gumu sana, na tutalitoa hapa. Lakini nyuma ya suala lake lipo jengine ambalo familia zetu haziliulizi, na linatugusa mpaka jikoni. Miji hii ya jirani ikiamua kujitangaza na kujiendeleza kwa pamoja, sisi watu wa visiwani tutaingia humo kama nani?

Kwanza tukumbuke kwamba fikra hii si ngeni. Waliokuwa wakiuona mwambao huu kuwa ni kitu kimoja kabla ya watu wa mipango walikuwa ni mabaharia, na wa pili ni maulamaa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alisoma Unguja kwa maulamaa wakubwa wa zama zake, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alizaliwa Unguja, na kuanzia mwaka 1968 akashika nafasi hiyo hiyo huko Kenya. Hakuna aliyeona ajabu. Mwanafunzi wa elimu alikuwa anapanda chombo hapa na kushuka Lamu kama mtu anayehama mtaa.

Leo chukua ramani uitazame Wete. Kutoka Wete kwenda Tanga ni takriban nusu ya masafa ya kutoka Wete kuja mjini Unguja. Mwananchi wa Pemba anajua jambo hili bila ya ramani, kwa sababu mchele, vitunguu na saruji vinamfundisha. Wavuvi wetu wamekuwa wakienda dago Shimoni, Vanga na mpaka Malindi vizazi na vizazi. Wengine walibakia huko, wakazaa na kujukuu, na wakaishi bila ya kitambulisho cha nchi yoyote mpaka mwaka 2023, Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa ni moja katika jamii za nchi hiyo. Tulifurahi kwa khabari ile. Lakini tulijiuliza pia: kama miji yetu ingekuwa na mazungumzo ya kudumu baina yao, wangesubiri muda wote huo?

Na kuna upande mwengine ambao wengi hawapendi kuusema. Karafuu. Kila msimu tunasikia mafunzo, makatazo na doria juu ya magendo ya karafuu kuvushwa kwenda ng'ambo. Hatuhalalishi magendo, maana kuvunja agizo la kiongozi lenye maslaha ya umma si jambo dogo katika dini. Lakini jirani ambaye hamna makubaliano naye ya biashara haachi kuwa jirani. Bidhaa itapita tu, ila itapita usiku, na atakayefaidika ni mtu wa kati badala ya mkulima wa Micheweni na familia yake.

Tuje kwenye utalii, ambao ndio kijana wa mzee wetu ameitiwa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Ni neema, na ni mtihani. Wengi wao wanakuja baada ya kutembelea mbuga za Bara. Sisi tumewekwa mwisho wa safari, mgeni apumzike ufukweni kabla ya kurudi kwao. Kwa hivyo mashirikiano ya kutangazana tayari tunayo, ila tunashirikiana na wanyama wa Serengeti zaidi kuliko na ndugu zetu wa Tanga na Mombasa. (Na ule ugomvi wa miaka mingi, wa nani anautangaza Mlima Kilimanjaro kama ni wake, tunauacha kwa wenyewe.)

Kwa sasa kila mji unajiuza peke yake, na mgeni ndiye anayelipa gharama ya ukuta. Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii mwaka 2014, Tanzania haimo. Mtu na mkewe wakitoka Mombasa kuja Pemba, kwa nchi nyingi kila mmoja atalipa viza ya dola 50, na tokea Oktoba 2024 kila mmoja atakata bima ya safari ya Zanzibar ya dola 44. Hizo ni dola 188 kabla hawajala hata kipande cha muhogo. Hatusemi ada hizo ni batili, maana serikali ina mahitaji yake na bima ina faida yake. Tunachosema ni kwamba anayetaka mwambao uwe safari moja aanze na hesabu hii kabla ya kuanza na picha.

Maulamaa wa tafsiri wametufungulia mlango mkubwa katika Suratu Quraysh, sura ambayo watoto wetu wanaihifadhi chuoni wakiwa na miaka mitano. Makka ilikuwa bonde lisilo na mazao. Maquraysh waliishi kwa misafara miwili, wa baridi kwenda Yemen na wa joto kwenda Sham. Wanahistoria wameeleza kwamba Hashim, baba wa babu yake Mtume (S.A.W.) kwa upande wa baba ukihesabu vizazi, na ndugu zake walikwenda kwa watawala na makabila ya njiani wakafunga ahadi. Wenye njia waupitishe msafara kwa amani, na Maquraysh wawachukulie bidhaa zao sokoni na kuwarudishia mtaji na faida. Hii ndiyo ilafu. Mji usio na shamba uliishi kwa makubaliano na majirani, na kila kabila la njiani likapata fungu lake. Kisha Allah akawakumbusha Maquraysh kwamba aliyewalisha na kuwapa amani ni Yeye, basi wamuabudu Yeye, Mola wa Nyumba ile. Biashara ikakubaliwa, na ibada ikawekwa juu yake.

Tutazame hali yetu kwa kipimo hicho cha ilafu. Sisi tuna Fumba na Micheweni, Mombasa ina eneo lake maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, Tanga ina bandari iliyopanuliwa na inasubiri bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani. Muwekezaji anakwenda mji mmoja anaahidiwa msamaha wa kodi wa miaka kadhaa, anaichukua barua ile na kuipeleka kwa jirani, na jirani anaongeza miaka. Mwisho wa safari kodi imekwisha, na skuli na hospitali zinangojea.

Baadhi ya watu wanaitolea dalili hadithi inayokataza mtu kuuza juu ya mauzo ya ndugu yake, wakasema ushindani wa miji ni haramu. Hapa pana haja ya uangalifu. Makatazo yale, kwa walivyoeleza mafaqihi wengi, ni pale pande mbili zimeshakubaliana na wa tatu akaja kuwavunjia. Kushindana kabla ya makubaliano kunaruhusiwa, na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe alinadi vitu vya mtu masikini kwa atakayezidisha bei. Kwa hivyo hatuwezi kuwaambia watu wa miji wasishindane. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba mali wanayoipunguzia bei si yao. Ni ya mayatima, ya wajane na ya watoto ambao hawajazaliwa, na msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa ya kuiuza chini ya thamani yake ili apate sifa ya kuuza.

Na mashirikiano nayo si kheri kwa jina lake tu. Kuanzia mwaka 1989 Singapore ilipendekeza kujiunga kiuchumi na jirani zake wawili, jimbo la Johor la Malaysia na visiwa vya Riau vya Indonesia, hasa Batam. Fikra ilikuwa safi: mmoja ana mtaji na bandari, wengine wana ardhi na mikono. Viwanda vikajaa Batam, watu wakahamia kwa maelfu kutafuta kazi. Lakini malalamiko hayakuchelewa, kwamba makao makuu na faida yamebakia kwa mwenye mtaji, na wengine wamebakia na ujira mdogo na mji uliofurika. Mwaka 2025 Singapore na Malaysia zimetiliana saini eneo maalumu la kiuchumi baina ya Johor na Singapore, kwa hivyo mlango haukufungwa. Ila katika kundi lolote la miji yupo Singapore wake na yupo Batam wake. Dar es Salaam ina reli ya kisasa na benki, Mombasa ina reli yake tokea 2017 na bandari kubwa. Pemba, tuseme kweli, ndiyo inayoelekea kuwa Batam.

Ndiyo maana nani anakaa mezani ni jambo zito. Utalii si jambo la Muungano, kwa hivyo Zanzibar inajitangaza yenyewe. Mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, kwa hivyo makubaliano na Mombasa yanapita Dodoma. Ndugu zetu wa Kenya wana Jumuiya ya Kaunti za Pwani, ambayo inazikusanya kaunti sita, kutoka Kwale mpaka Lamu na Tana River, pamoja na Taita Taveta. Upande wetu hatuna chombo kama hicho cha kukaa nacho, na mabaraza ya miji yetu hayana nguvu za kutosha. Wawakilishi wetu wangeuliziwa hili kabla ya kuuliziwa barabara ya ndani.

Sasa tutatangaza nini? Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu 2001, Ngome ya Yesu 2011, na Kilwa ilitangulia wote tokea 1981. Mji mmoja peke yake hauwezi kuuza kisa hiki kwa sababu kisa chenyewe ni cha miji yote: misikiti, milango, vyombo, vyuo, chakula. Familia ya Kiislamu kutoka Oman au Malaysia ingeweza kuizunguka njia yote hii bila ya kuuliza kila siku kama nyama imechinjwa na wapi pa kuswali. Huu ni mtaji tulionao tayari. Lakini tunachokiona mara nyingi kwenye matangazo ni mwanamke wa Kiislamu aliyepigwa picha kwa nyuma akiwa na buibui, bila ya ruhusa yake, na pembeni ya picha ile ile bilauri ya ulevi.

Turudi kwa mzee wetu. Asili ya kazi ya kutangaza ni ijara, na ni halali. Kijana achukue kazi. Akitangaza mji, bahari, chakula, historia na nyumba za wageni zenye stara, pato lake ni safi, na akinuia kuwafungulia riziki watu wa mwambao ana thawabu. Akiambiwa kutangaza ulevi, au miili ya watu, akatae kipande hicho, maana katika Suratul Maida, aya ya pili, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Asimpige mtu picha bila ya ridhaa yake. Na asipambe. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni Madina, akakuta chini pana majimaji, akamtaka mwenye mali aiweke ile iliyorowa juu watu waione, na akamtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Picha ya ufukwe uliosafishwa kwa kompyuta wakati taka zimejaa nyuma ya kamera ni nafaka ile ile.

Kama mkataba wote ni wa baa na ulevi, asiutie saini. Kama umechanganyika na muajiri hakubali kutenganisha, mzee amlete kijana pamoja na karatasi zake, tukae tuzisome.

Wallahu aalam.