Kabla ya Kupandisha Godoro Juu ya Gari

SIKU za kufungua shule zikiwadia, hebu simama kandokando ya barabara ya Nakuru pale Uthiru mwendo wa saa moja asubuhi, utazame magari yanavyopita. Utaona masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa kama chapati, ndoo, na pengine baiskeli ya mjomba, vyote vikiwa vimepandishwa paani na kufungwa kwa kamba ya manila. Ndani wamebanana watoto na shangazi. Dereva ana haraka. Ni nani kati ya hao aliyepata kujiuliza kile chuma kinachobeba mzigo huo kimeshikwa na nini?

Shemeji yangu hakujiuliza. Alikuwa amenunua gari la familia kutoka Japani, lenye buti ndefu lakini paa tupu, laini kama yai. Binti yake alitakiwa kurudi shule ya bweni, na mizigo haikuenea ndani. Basi akaenda katika karakana moja hapa jijini, na kabla hajamaliza chai yake gari lilikuwa limevikwa reli mbili za kung'aa, moja kila upande, na vyuma viwili vya kukatiza juu yake. "Shemeji, sasa hata kochi litapanda," aliniambia kwa furaha, akizipapasa zile reli kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa.

Walipofika karibu na Gilgil, lori lilipishana nao kwa kasi. Anasema alisikia mlio kama gunia linalopasuka, na alipotupa jicho kwenye kioo aliona godoro, sanduku na reli zenyewe vikielea hewani kabla ya kuanguka barabarani. Nyuma yao kulikuwa na bodaboda iliyopakia abiria. Kijana yule alichepuka akaingia vumbini, na sanduku likapita karibu hatua moja na mguu wake. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Lakini binti aliokota vitabu vyake kimoja kimoja kando ya barabara, huku akilia, na hadi leo hapendi kusimuliwa habari hiyo mbele ya wageni.

Walipotazama paa, hawakuona tundu hata moja wala bolti. Paliachwa michirizi miwili ya gundi, na pembeni rangi imebanduka hadi bati linaonekana. Reli zile zilikuwa mapambo tu! Zilibandikwa kwa utepe wenye gundi pande mbili, na gundi hiyo, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kuwa na nguvu kuliko rangi iliyoishikilia. Siku nzima gari linachomwa na jua uwanjani, usiku linapoa, nayo gundi inachoka polepole bila kumwambia mtu.

Sasa tuanze mambo kwa utaratibu, msomaji wangu. Zamani shida hii haikuwako sana. Wale wanaolikumbuka Peugeot 504 la kubebea abiria, ambalo lilitawala barabara zetu miaka ya 1970 na 1980, wanajua kwamba ukingoni mwa paa lilikuwa na kijifereji cha maji ya mvua. Keria ilikuwa na miguu inayouma kijifereji hicho, unakaza nati, kazi imekwisha. Magari ya siku hizi yameondolewa kijifereji hicho ili upepo upite vizuri, na mahali pake ukiangalia utaona ukanda mwembamba mweusi wa plastiki au mpira unaokimbia kutoka kioo cha mbele hadi nyuma.

Ukanda huo ndio wa kuanzia. Watengenezaji wengi huunda aina moja ya gari kwa madaraja mbalimbali: la bei ya juu linatoka kiwandani na reli, la bei ya chini linatoka bila, ilhali bati la paa huenda likawa ni lile lile. Katika baadhi ya magari, ukiuinua ukanda huo taratibu kwa kipande cha plastiki (usitumie bisibisi, utakwaruza rangi) utakuta chini yake matundu yenye uzi wa bolti, yamezibwa na kuachwa. Ukiyakuta, umepata bahati. Tafuta reli za aina hiyo hiyo ya gari na umbo hilo hilo, zifungwe kwa bolti katika matundu aliyoyakusudia mtengenezaji mwenyewe.

Kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanaita Grogan, hukosekani reli zilizong'olewa kwenye magari mengine. Nenda na nambari ya chasisi, usiende na jina la gari tu. Majina hudumu miaka mingi lakini mapaa hubadilika, na reli hukunjwa kufuata mviringo wa paa lake. Ya kushoto si ya kulia. Ukimwona fundi anaikunja reli kwa goti ili ilale vizuri, mwambie aiweke chini, kwa sababu itakuwa inavuta bolti zake kila siku ikitaka kurudi katika umbo lake.

Je, na kama hakuna matundu? Hapo ndipo wengi huambiwa, "Lete gari, tutatoboa." Kutoboa kunawezekana, lakini si kazi ya kufanywa mtu akingojea chai. Bati la paa la gari dogo unene wake haufiki milimita 1. Ukikaza skrubu ya bati ndani yake kama unayeezeka nyumba, itashika leo na kung'oka kesho. Panatakiwa nati maalumu inayopanuliwa ndani ya tundu kama riveti, na tundu lenyewe liwe mahali ambapo chini ya bati kuna mbavu ya chuma ya kulitilia nguvu.

Isitoshe, ukingo wa paa si mtupu. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayoshuka kama pazia gari likigongwa ubavuni, nayo hukunjwa na kufichwa humo humo ukingoni, pamoja na nyaya za taa. Yale yenye dirisha la paani yana na vipira vya kupitisha maji. Fundi anayechukua keekee ya umeme na kuanza kutoboa kutoka juu bila kushusha kitambaa cha dari ndani ya gari, huyo anacheza bahati nasibu na maisha ya wanao. Fundi wa kweli huchomoa betri kwanza, akangoja, akashusha dari, akatazama, ndipo akatia alama.

Na akishatoboa, kazi bado. Makombo ya chuma lazima yafagiliwe yote, kwa maana yakibaki juu ya rangi, mvua ya kwanza itayageuza madoadoa ya kutu. Ukingo wa tundu usuguliwe, upakwe rangi ya kuzuia kutu na iachwe ikauke. Halafu ndipo huja mpira na gundi ya kuzuia maji. Hapa niseme neno juu ya silikoni ya bei rahisi, ile inayonuka kama siki. Harufu hiyo ni ya asidi, na asidi hiyo hula chuma. Itaziba maji huku ikianzisha kutu chini kwa chini. Ombeni ile isiyo na asidi, au ya poliyurethani. Reli zikishakazwa na gundi kukauka, mwagia paa maji kwa mpira wa bustani nusu saa nzima, kisha ingia ndani uguse dari kwa kiganja kabla haijarudishwa. Ni afadhali ulowe kiganja leo kuliko kuja kukuta ukungu kwenye viti mwezi wa Mei.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo mimi binafsi ningeipendekeza kwa familia inayopandisha mizigo mara tatu kwa mwaka. Vipo vyuma vya kukatiza ambavyo miguu yake huuma fremu ya milango, bila reli wala kutoboa. Unavifunga shule zikifunguliwa, unavitoa ukirudi. Sharti moja ni kwamba ile miguu iwe imetengenezwa kwa fremu ya gari lako hasa, la sivyo itateleza. Tatizo ni kwamba havipendezi macho kama reli, na sisi watu wa mjini tunapenda gari lionekane limekamilika.

Tugeukie uzani, maana hapa hata wenye reli halali hukosea. Kila gari lina kiwango cha mzigo wa paani, kimeandikwa katika kitabu chake. Kwa magari mengi madogo ni kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe huhesabiwa ndani ya kiwango hicho. Tuseme gari lako linaruhusu kilo 75. Mafundi wetu wa jua kali huunganisha keria za mabomba ya chuma nzuri sana, imara, lakini moja yaweza kuwa na kilo 25. Umebaki na 50. Masanduku mawili yaliyojaa vitabu, na godoro, umemaliza. Na reli nene hazikiongezi kiwango hicho hata kwa kilo moja, kwa kuwa kinachochoka ni paa, na pia gari zima: kilo zikiwa juu, gari hulala zaidi kwenye kona, na ukilikwepa shimo ghafula ndipo utakapojua.

Kwa hiyo masanduku yakae ndani, sakafuni mwa buti, na magodoro ndiyo yapande. Lakini godoro nalo lina hila yake. Ni jepesi, ila ni tanga. Mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa kufika 100, nguvu ya upepo haizidi maradufu, inakuwa mara nne, na upepo ukipata upenyo chini ya ukingo wa mbele huliinua godoro lote pamoja na kilicholishika. Lifunge mbele na nyuma, si katikati tu, na kamba ya mbele ishuke hadi kwenye kile kitanzi cha kuvutia gari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na vifaa vyake vyote viwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani. Yule kijana wa bodaboda ni mmoja wa watu hao.

Reli mpya hukaa mahali pake baada ya kutikiswa, hivyo bolti zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza. Shemeji sasa hubeba spana chini ya kiti. Wakifika Naivasha husimama, watoto wananunua maziwa, naye anapanda kizingiti cha mlango na kujaribu kila bolti kwa mkono wake. Siku hizi ana vyuma vya kuuma fremu za milango. Ile michirizi ya gundi bado iko paani, kwa sababu kupaka rangi upya kuligharimu kuliko reli zenyewe, na fedha hizo zilikwenda kwenye godoro jipya.

Waliouliza kuhusu magurudumu ya mitumba, nitawajibu Jumapili ijayo.