Chanjo na Wanamichezo: Nani Atangulie Dozi Zikiwa Haba?

Zikiwa zimesalia wiki nne kabla ya Michezo ya Olimpiki kufunguliwa mjini Tokyo tarehe 23 Julai 2021, tukio la uwanja wa ndege wa Narita lilifufua mjadala uliodhaniwa kuwa umekwisha. Kundi la kwanza la ujumbe wa Uganda, lenye watu tisa, lilitua huko tarehe 19 Juni. Wote walikuwa wamepata dozi mbili za chanjo ya AstraZeneca na kupimwa kabla ya safari. Hata hivyo, kocha mmoja alikutwa na virusi vya Korona papo hapo uwanjani. Siku chache baadaye mwenzake naye akabainika kuwa navyo, wakati huo timu ikiwa tayari imefika katika kambi yake mjini Izumisano.

Tukio hilo halithibitishi kwamba chanjo haifai. Chanjo za Covid-19 zinazuia ugonjwa mkali na vifo, na kwa kazi hiyo zinafanya vyema. Lililotikiswa ni dai lililokuwa likirudiwa tangu Januari, kwamba mwanamichezo akishachanjwa basi kila anayekutana naye yu salama. Dai hilo ndilo lililotumiwa katika nchi nyingi kuhalalisha wanamichezo kupewa nafasi ya mbele katika foleni ambayo wengine walikuwa wangali wakiisubiri.

Kenya ilikwisha kuamua. Tarehe 8 Aprili, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, wanamichezo wa timu ya Olimpiki pamoja na maafisa wao walianza kuchanjwa. Ni vyema kukumbuka hali ilivyokuwa wakati huo. Shehena ya kwanza ya dozi 1,020,000 za AstraZeneca, kupitia mpango wa COVAX, ilikuwa imewasili tarehe 3 Machi katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47. Waliotangulizwa walikuwa wahudumu wa afya, walimu na maafisa wa usalama. Baadaye mwezi huo mlango ukafunguliwa kwa wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Tarehe 26 Machi kaunti tano, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, zilifungiwa usafiri wa kuingia na kutoka kutokana na wimbi la tatu la maambukizi. Wakati huohuo India, ilikotengenezwa sehemu kubwa ya dozi za COVAX, ilikuwa imesitisha kuziuza nje ili ihudumie wananchi wake. Kwa hiyo kila dozi iliyotumika Kasarani ilitoka katika chungu ambacho hakuna aliyejua kingejazwa tena lini.

Hoja iliyosikika mapema zaidi katika kuwatetea wanamichezo ilikuwa ya uchache wao. Dick Pound wa Kanada, wakati huo mjumbe mkongwe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alisema mwezi Januari 2021 kwamba nchi yake ingehitaji dozi mia tatu au mia nne tu kati ya mamilioni, na kwamba hakuna ambaye angelalamika. Kwa Kenya hesabu ilikuwa ndogo zaidi, kwani wanamichezo wenyewe hawakufika hata mia moja. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Kila kundi likihesabiwa peke yake ni dogo: wabunge ni wachache, marubani ni wachache, mahakimu nao vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kwa mtindo huo, mzee wa Turkana au wa Tana River aliyesafiri nusu siku kufika zahanati huambiwa arudi wiki ijayo.

Hoja ya pili, ya heshima ya taifa, nayo haitoshi. Medali hufurahisha umma na hujenga jina la nchi, lakini mpango wa chanjo haukubuniwa ili kutoa zawadi. Shirika la Afya Duniani lilielekeza nchi zianze na wahudumu wa afya walio katika hatari kubwa na wazee, kwa sababu ndio wanaoambukizwa au kufa zaidi. Kijana wa miaka 24 anayekimbia kilomita mia na zaidi kwa wiki yuko mbali sana na orodha hiyo.

Hoja yenye uzito ni ya aina ya kazi. Mwanariadha wa timu ya taifa hutumwa na nchi. Hawezi kukimbia mita 1,500 akiwa nyumbani kwake kwa njia ya mtandao, wala kupigana ndondi akiwa amevaa barakoa. Hulala kambini na wenzake, hula nao meza moja, husafiri kwa saa nyingi ndani ya ndege, kisha huishi katika kijiji kimoja na watu kutoka zaidi ya mataifa mia mbili. Baada ya hapo hurudi Iten, Kaptagat au Nyahururu, kwa wazazi na majirani ambao wakati huo huenda walikuwa hawajapata hata dozi ya kwanza. Lipo pia suala la riziki. Mbio kubwa za barabarani zilipofutwa mwaka 2020 na kambi za mazoezi kufungwa, wanariadha wengi walikosa mapato yanayosomesha wadogo zao na kuendesha mashamba ya familia. Ambaye kazi yake inamlazimisha kuvuka mipaka na kurudi ana dai la haki, na dai hilo halitegemei umaarufu wake.

Ila dai hilo si la wanamichezo pekee, na hapo ndipo serikali yoyote inapopimwa. Mwaka 2020 madereva wa malori ya masafa marefu walikwama Malaba na Busia kwa siku kadhaa wakisubiri vipimo, huku baadhi ya watu wakiwaona kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Hao huvuka mipaka kila wiki, hulala vituoni na hukutana na watu wa nchi tatu au nne katika safari moja. Hoja iliyomfikisha mkimbiaji Kasarani ina nguvu ileile kwa dereva wa lori la Mombasa hadi Kigali. Kama mmoja ametangulizwa na mwingine hakutajwa, umma una haki ya kuuliza ni kazi iliyoangaliwa au ni jina.

Historia inaonyesha kwamba kinachowaudhi watu zaidi ni mlango wa nyuma. Mwishoni mwa Oktoba 2009, wakati wa homa ya H1N1, wachezaji wa timu ya hoki ya barafuni ya Calgary Flames nchini Kanada walichanjwa pamoja na familia zao katika kliniki iliyofanywa kwa faragha. Wakati huo wakazi wa jimbo la Alberta, wakiwamo wajawazito na wazazi wenye watoto wadogo, walikuwa wakisimama kwenye foleni kwa saa nyingi. Habari ilipovuja, mamlaka ya afya ya jimbo iliwafuta kazi watumishi wawili. Zaidi ya miaka kumi baadaye, usiku wa tarehe 11 Machi 2020, watu 58 waliohusiana na timu ya mpira wa kikapu ya Utah Jazz walipimwa Korona jijini Oklahoma City, katika kipindi ambacho Wamarekani wengi wenye dalili walikuwa wakikosa kipimo. Lawama zilizofuata zilikuwa kali. Huenda ndiyo sababu ilipofika Desemba, kamishna wa NBA, Adam Silver, alitangaza mapema kwamba ligi yake haingeruka foleni ya chanjo.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kutafuta dozi za pembeni. Tarehe 11 Machi 2021 Rais wake wa wakati huo, Thomas Bach, alitangaza kwamba China ingetoa chanjo kwa washiriki, na kwamba kamati ingegharamia pia dozi mbili kwa ajili ya wananchi wa kawaida kwa kila dozi ya mshiriki. Japani yenyewe ilisema wanamichezo wake hawangezitumia, kwani chanjo za China hazikuwa zimeidhinishwa nchini humo. Tarehe 6 Mei ukafuata mkataba na kampuni za Pfizer na BioNTech, kwa ahadi kwamba dozi hizo hazingetolewa katika mgao wa nchi. Huo ni utaratibu wa haki zaidi kuliko kuchota chungu cha umma. Lakini viwanda vina kikomo, na dozi iliyotengenezwa Juni kwa ajili ya mwanamichezo haikutengenezwa kwa ajili ya mkunga. Tarehe 18 Januari Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alieleza kwamba dozi zaidi ya milioni 39 zilikuwa zimetolewa katika nchi 49 zenye kipato kikubwa, ilhali nchi moja maskini ilikuwa imetoa dozi 25. Si milioni 25; si elfu 25. Ni 25 tu.

Ligi za kulipwa haziwezi kujificha nyuma ya hoja ya kutumwa na taifa. Mwezi Aprili shirikisho la soka la Amerika Kusini, CONMEBOL, lilipokea dozi 50,000 kutoka kampuni ya Sinovac kwa ajili ya wanasoka. Kombe la Copa América la mwaka huo lilichezwa nchini Brazil, ambako idadi ya vifo ilivuka 500,000 tarehe 19 Juni, na wachezaji kadhaa wa Venezuela walikutwa na virusi hata kabla ya mechi ya ufunguzi. Klabu ina uwezo wa kulipia vipimo, kuwatenga wachezaji na kuahirisha mechi. Hospitali haiahirishi wagonjwa.

Kwa Kenya lilibaki suala la muda, ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Nafasi kati ya dozi mbili za AstraZeneca ilisogezwa kutoka wiki 8 hadi wiki 12. Kwa hesabu ya wiki 12, aliyechanjwa tarehe 8 Aprili alitimiza muda wake tarehe 1 Julai. Angecheleweshwa hadi Mei, angepanda ndege akiwa na kinga nusu. Kwa mtazamo huo uamuzi wa Aprili unaeleweka, mradi walionufaika ni wale waliosafiri kweli. Maneno "timu" na "ujumbe" hunyooka kama mpira, na maafisa wasio na tiketi ya Tokyo hawakuwa na dai lolote lililoelezwa hapa. Orodha ya majukumu, bila majina, kama ingechapishwa pamoja na idadi ya dozi zilizotumika, ingemaliza minong'ono kuliko tamko lolote.

Mtihani uliofuata ulikuwa karibu zaidi. Kuanzia tarehe 18 hadi 22 Agosti 2021 Kasarani ilipokea mashindano ya riadha ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 20. Baadhi ya wakimbiaji hao hawakuwa wamefikisha miaka 18, umri ambao chanjo ya AstraZeneca ilianzia, kwa hiyo safari hiyo wao hawangekuwa mbele ya foleni hata wakitaka. Waliokuwa hatarini ni madereva wa mabasi, wapishi wa hoteli, wafagiaji na wajitoleaji waliowahudumia wageni kwa muda wote wa mashindano. Kwa utaratibu wa wiki 12, kufikia mwishoni mwa Juni muda wa kuwapa dozi mbili kabla ya Agosti ulikuwa umekwisha kupita. Dozi ya kwanza ilikuwa bado inawezekana.